MPIRA UMETOKA NJE: ARUSHE NANI?

Katika somo hili tutajifunza jambo moja tu la mchezo wa mpira wa kikapu. Jambo lenyewe ni hili: mpira unapotoka nje ya uwanja, nani aurudishe ndani, asimame wapi, na aurusheje. Hatutajifunza namna ya kufunga wala namna ya kudunda mpira. Hayo vijana wanayajua kutuzidi.

Huenda msomaji mmoja anauliza, "Kikapu na mimi mkulima wa Laela, wapi na wapi?" Swali lake ni la haki. Watu wengi wanadhani huu ni mchezo wa mjini, wa watu warefu kama Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam ambaye mwaka 2009 alichukuliwa na timu ya Memphis Grizzlies huko Marekani. Lakini mchezo huu umekaa siku nyingi katika shule za sekondari, seminari na kambi za jeshi, na umo katika mashindano ya shule za sekondari yanayoitwa UMISSETA. Vijana wakirudi likizo mwezi wa Juni, wanarudi nao. Fundi akichomelea ringi ya nondo, seremala akipata mbao za kutosha, goli limepatikana. Kinachokosekana ni mtu wa kushika filimbi.

Na hapo ndipo penye taabu. Mwalimu wa michezo ni mmoja, na siku ya mchezo pengine ameitwa Sumbawanga, kilomita kama 95 kutoka hapa. Basi filimbi anapewa mtu yeyote aliye karibu. Kama amezoea kandanda, atachezesha kikapu kwa sheria za kandanda. Kama ni mama aliyecheza netiboli, atachezesha kwa sheria za netiboli. Wote wawili ni watu waaminifu, na wote wawili watakwama mahali pamoja, yaani kwenye mstari. Mpira unagusa mstari. Huyu anasema uko ndani, yule anasema uko nje. Watazamaji wanaingia uwanjani kusaidia kuamua, kila mmoja na mkono wake hewani. Tumeona timu zikiondoka bila kuagana kwa sababu ya mpira mmoja wa namna hiyo, na vijiji vyenyewe ni vya watu waliooleana.

Sheria tutakazosoma hapa zimeandikwa. Zimo katika kitabu cha kanuni cha FIBA, ambalo ni shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, lililoanzishwa mwaka 1932. Kanuni ya 17 inaeleza namna ya kurusha mpira, na kanuni ya 23 inaeleza mpira kutoka nje. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kuzisoma mwenyewe. Na kwa maoni yetu, aliyezisoma ndiye anayefaa kupewa filimbi, si mwenye sauti kubwa.

MSTARI NI WA NANI?

Tuanze na mstari, maana ndio mama wa ugomvi.

Fikiri juu ya mashamba mawili yanayopakana. Katikati yake pana tuta la mpaka. Tuta hilo ni la nani? Wazee wa kijiji wanajua kwamba jambo hilo lisipowekwa wazi mapema, siku moja litafika baraza. Mstari wa uwanja ni kama tuta lile. Tena kila mchezo umelipa tuta hilo mwenyewe tofauti.

Katika kandanda mstari ni sehemu ya uwanja. Mpira haujatoka mpaka wote, mzima, uwe umevuka mstari, ama ardhini ama hewani. Mpira ukibaki juu ya mstari hata kidogo tu, mchezo unaendelea. Katika netiboli pia mstari ni wa ndani. Mpira ukidunda juu ya mstari, akina mama wanaendelea kucheza. Utakuwa nje pale tu utakapogusa ardhi ya nje, au mtu au kitu kilichosimama kwenye ardhi ya nje.

Sasa kikapu. Katika mpira wa kikapu mstari ni wa nje. Tuta lote ni la jirani. Mpira ukigusa mstari, hata kwa ukingo wake, umetoka. Mchezaji mwenye mpira mkononi akikanyaga mstari kwa ncha ya kidole cha mguu, ametoka, na mpira umetoka naye. Uwanja unaishia pale mstari unapoanzia, si pale unapokwisha. Ndiyo maana tunapopima uwanja wa kikapu, mita 28 kwa urefu na mita 15 kwa upana, tunapima kutoka ukingo wa ndani wa mstari mpaka ukingo wa ndani wa mstari wa pili. Mstari wenyewe hauhesabiwi.

Soma tena aya hiyo, ndugu. Mwamuzi anayejua jambo hilo peke yake amekwisha kumaliza nusu ya ugomvi wote. Tena awaeleze timu zote mbili kabla ya kuanza, mbele ya watazamaji, kwa sauti: "Leo mstari ni nje." Maneno manne tu. Akiyasema baada ya mpira kugusa mstari, ataonekana anapendelea.

Jambo jingine ni mstari wenyewe kuonekana. Viwanja vyetu ni vya udongo, na majivu tunayochorea hupeperushwa na upepo wa Ufipa kabla ya mapumziko. Upepo huu wa mwezi wa sita na wa saba mnaujua. Chokaa iliyokorogwa na maji hukaa zaidi. Njia nyingine ni kufunga kamba kwenye vigingi, kukwaruza ardhi kidogo kwa pembe ya jembe kufuata kamba, kisha kumwaga chokaa au majivu yaliyoloweshwa ndani ya mkwaruzo. Kamba iondolewe kabla ya kucheza. Upana wa mstari ni sentimita 5, kama vidole vitatu vya mtu mzima. Usichimbe mfereji, maana mtu atavunjika mguu.

HEWANI HAKUNA MSTARI

Upepo huohuo unatuletea swali la pili. Mpira umerushwa juu, upepo umeusukuma, umepita juu ya mstari na sasa uko hewani upande wa nje. Watazamaji wote wanapiga kelele, "Nje! Nje!" Je, ni nje?

Hapana. Mpira haujatoka mpaka uguse kitu. Uguse ardhi ya nje au mstari. Uguse mtu aliye nje: mtazamaji, mtoto, hata mchezaji wa akiba aliyekaa kwenye benchi. Uguse mti, ukuta, au tawi lililoning'inia juu ya uwanja. Uguse nguzo ya goli au mgongo wa ubao. Uso wa ubao hautoi mpira nje, wala ukingo wake wa juu, wa chini na wa pembeni. Mgongo wake tu ndio nje. Mpaka mpira uguse kimojawapo cha vitu hivyo, mwamuzi afunge mdomo na filimbi iwe kimya.

Mchezaji naye yuko pale alipokanyaga mara ya mwisho. Maneno hayo ni mafupi lakini yana mambo mengi ndani yake, basi tuyatazame polepole.

Tuseme timu ya Laela inacheza na timu ya Mpui. Mpira unaelekea nje. Kijana wa Laela anakimbia, anaruka kutoka ndani ya uwanja, anaudaka akiwa hewani juu ya ardhi ya nje, na kabla miguu yake haijatua anaurusha kurudi ndani. Kisha anaanguka kwenye nyasi za nje. Hebu tuamue. Mara ya mwisho alikanyaga wapi? Ndani. Basi alipokuwa hewani alihesabiwa yuko ndani bado. Mpira ni halali na mchezo unaendelea. Lakini kama alitua nje angali ameushika, ametoka nao.

Sasa geuza. Kijana amesimama nje, anaruka kuelekea ndani, anaugusa mpira akiwa hewani juu ya uwanja. Watu wataapa kwamba alikuwa ndani, kwa sababu walimwona juu ya uwanja. Lakini mguu wake ulitoka nje, na haujakanyaga ndani. Basi bado ni mtu wa nje, na mpira alioupiga umetoka. Mwamuzi mzuri anatazama miguu kwanza, mikono baadaye. Wengi hutazama mpira tu, kwa sababu mpira ndio unaopendeza.

NANI ALIUGUSA MWISHO?

Mpira umetoka. Sasa nani arushe? Sheria inasema hivi: timu ya mchezaji aliyegusa au aliyeguswa na mpira mara ya mwisho kabla haujatoka ndiyo iliyoutoa. Wapinzani wake warushe.

Angalia neno "aliyeguswa". Halijawekwa bure. Mchezaji wa Mpui amesimama, hana habari, anamtazama mwenzake. Mpira unamgonga gotini na kutoka. Atalalamika, "Mimi sikuucheza, bwana!" Kweli hakuucheza, lakini umemgusa. Laela warushe. Sheria haiulizi nia ya mtu, na hilo linamsaidia sana mwamuzi, kwa maana nia za watu hatuzioni.

Kwa sababu hiyo mchezaji mwerevu aliyebanwa karibu na mstari anaweza kuurusha mpira ugonge mguu wa mpinzani wake na kutoka nje, kisha timu yake ikapewa. Wazee wengine wanaona huo ni ujanja wa kihuni. Sisi tunaona ni uchezaji halali, mradi asimpige mwenzake usoni wala kwa nguvu ya kumwumiza.

Ipo hali moja inayochanganya watu kuliko zote. Mchezaji wa Mpui anaupiga mpira, unabingirika kuelekea mstari. Kila mtu anajua utatoka, na kwamba ni wa Laela. Kijana wa Laela, kwa haraka ya kutaka kurusha, anaudaka kabla haujafika mstarini, huku mguu wake mmoja umekanyaga mstari. Nani ameutoa? Kijana wa Laela. Yeye yuko nje, na ameugusa mpira uliokuwa bado ndani. Mpui warushe. Watu wa Laela watakasirika, tena sana. Lakini angetulia kidogo tu, mpira ungetoka wenyewe ukawa wake.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mchezo huu ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, Marekani. Wanafunzi wake 18, tisa kila upande, walicheza ndani ya ukumbi kwa mpira wa kandanda na vikapu viwili vya kuwekea matunda, vilivyopigiliwa kwenye ukingo wa roshani. Naismith aliandika kanuni 13. Moja ilisema kwamba mpira ukitoka, wa kwanza kuugusa huko nje ndiye aurushe. Mnaweza kufikiri wenyewe kilichotokea. Mpira ukitoka, watu walikimbilia nje kama watoto wanaogombea embe lililodondoka. Ukianguka roshani, walipanda ngazi wakisukumana. Katika miaka ya 1910 kanuni hiyo ikabadilishwa, mpira ukawa wa wapinzani wa aliyeugusa mwisho, kama tulivyo sasa. Ila jambo moja la kanuni zile za kwanza limebaki mpaka leo: mrushaji alipewa sekunde 5. Tutalifikia.

Je, ikiwa wawili wa timu mbali mbali wameugusa mpira kwa pamoja ukatoka? Au mwamuzi hakuona? Au waamuzi ni wawili na kila mmoja amesema lake? Hapa wengine hurusha shilingi, wengine husikiliza kelele za upande upi zimezidi. Kitabu kina njia yake. Mchezo unapoanza, mpira hurushwa juu katikati, na timu moja huupata. Timu iliyoukosa inaandikiwa zamu ya kwanza. Ikitokea shaka ya namna tuliyoitaja, timu yenye zamu inarusha mpira, kisha zamu inahamia kwa wapinzani. Shaka nyingine ikitokea, ni zamu ya hao. Inakwenda hivyo kwa kupokezana mpaka mwisho.

Ili zamu isisahaulike, mezani kwa mwandishi wa mchezo huwekwa mshale unaoelekea upande ambao timu yenye zamu inashambulia. Hapa kwetu kipande cha boksi kilichokatwa kwa kisu kinatosha. Wekeni jiwe juu yake, upepo usije ukaamua zamu. Vipindi viwili vya kwanza vikiisha timu hubadilishana magoli, na mshale nao ugeuzwe, maana upande wa kushambulia umebadilika. Tunawashauri mwandishi awe mhitimu wa kisomo, mwanamke au mwanamume, mwenye daftari na saa. Aandike kila zamu na dakika yake. Mtu akija kubishana baadaye, daftari lisomwe mbele yake.

KURUSHA KWENYEWE

Mwamuzi amekwisha kuonyesha ni mpira wa nani. Mrushaji asimame nje, mahali palipo karibu zaidi na pale mpira ulipotokea. Ikiwa umetokea mstari wa mwisho, nyuma ya goli, asisimame nyuma ya ubao kabisa, bali asogee upande mmoja. Mwamuzi ndiye anayempa mpira mkononi, au anamrushia kwa karibu. Mchezaji asiuokote mwenyewe na kurusha upesi wakati wengine bado wanabishana.

Kuanzia pale mpira unapomfikia, zinahesabiwa sekunde 5. Ndani ya sekunde hizo mpira uwe umetoka mikononi mwake. Watu wengi huhesabu "moja mbili tatu nne tano" kwa pumzi moja, na mrushaji anadhulumiwa. Hesabu hivi: "Mia na moja, mia na mbili, mia na tatu..." Ukiyasema kwa utulivu, kila fungu la maneno huchukua karibu sekunde moja. Fanya zoezi hili nyumbani kwa kutazama saa, mara kumi. Mwamuzi ahesabu kwa kupunga mkono, timu zote zione.

Mrushaji haruhusiwi kuingia uwanjani akiwa bado na mpira mkononi. Lakini akikanyaga mstari, je? Hapa mama wa netiboli atapiga filimbi mara moja, kwa maana katika netiboli mrushaji akikanyaga mstari amekosa. Katika kikapu hajakosa. Mstari ni nje, naye yuko nje. Mnaona? Ukishika lile la tuta la mpaka, mengine yanajijibu yenyewe.

Anaweza kusogea pembeni, kushoto au kulia, lakini jumla isizidi mita 1, yaani hatua moja ya kawaida. Kurudi nyuma anaruhusiwa kadiri nafasi ilivyo. Akiisha kurusha, asiuguse tena yeye mwenyewe ndani ya uwanja kabla haujaguswa na mchezaji mwingine. Na akiurusha moja kwa moja ukaingia kikapuni, hakuna pointi, na mpira ni wa wapinzani.

Kipo kisa kingine kinachohusu mahali pa kurusha. Mrushaji ameurusha, ukapita hewani au ukabingirika bila kuguswa na mtu yeyote uwanjani, ukatokea upande wa pili. Mpira ni wa wapinzani, hilo ni rahisi. Lakini warushe kutoka wapi? Si kule ulikotokea. Warushe pale pale aliposimama mrushaji wa kwanza. Kwa hiyo mwamuzi asiondoke na kusahau mahali. Pakumbuke kwa alama: mawe mawili, ufa wa ardhi, kiatu cha mtazamaji.

Wapinzani nao wana mpaka wao. Wasipitishe mkono wala sehemu yoyote ya mwili juu ya mstari kabla mpira haujarushwa na kuvuka. Kijana mrefu anayepunga mikono mbele ya pua ya mrushaji, mikono ikiwa imevuka mstari, anakosa. Tena kama nje ya mstari pana nafasi isiyofika mita 2, kwa sababu ya ukuta, mti, au watu, basi mpinzani arudi nyuma, awe mita 1 kutoka kwa mrushaji. Sheria hii inatufaa sana vijijini, ambako watazamaji husimama mpaka vidole vya miguu vinakanyaga chokaa. Ingawa dawa hasa ni kuwarudisha watazamaji. Kitabu kinataka mita 2 ziwe wazi pande zote, na mabenchi yawe nyuma ya hapo. Wekeni vijana wawili wa kulinda, na kamba.

Baada ya timu kufungwa, mambo ni mepesi zaidi. Yeyote wa timu iliyofungwa anachukua mpira na kurusha kutoka nyuma ya mstari wa mwisho wa goli alilofungwa. Hapa anaweza kukimbia kando kando ya mstari huo apendavyo, si mita 1 tu, na anaweza hata kumpasia mwenzake ambaye naye yuko nyuma ya mstari. Sekunde 5 hazianzi upya kwa huyo wa pili. Ila ikumbukwe kwamba uhuru huu ni wa baada ya kufungwa tu. Mpira uliotoka kwa njia nyingine una mahali pake maalumu.

MIKONO YA MWAMUZI

Mpira ukitoka, mwamuzi apige filimbi mara moja, kwa nguvu, na papo hapo anyooshe mkono mmoja juu, kiganja wazi. Maana yake ni "saa isimame." Halafu anyooshe kidole kuelekea upande ambao timu iliyopewa mpira inashambulia. Asianze kueleza kwa maneno. Watu hamsini wakisema pamoja na mwamuzi akisema, hakuna anayesikiwa, lakini mkono unaonekana mpaka barabarani. Saa itaanza tena mpira uliorushwa utakapomgusa mchezaji aliye ndani ya uwanja.

Wakiwa waamuzi wawili, wagawane mistari kabla ya kuanza. Mmoja, aliye mbele karibu na goli linaloshambuliwa, atazame mstari wa mwisho na mstari mmoja wa upande. Mwingine, aliye nyuma, atazame mstari wa upande wa pili na mstari wa kati. Kila mmoja aamue mistari yake. Kama hakuona vizuri, amtazame mwenzake na kuomba msaada, na hilo si aibu. Tunaloona ni baya ni mwamuzi kubadili uamuzi wake kwa sababu shemeji yake amepiga kelele kutoka pembeni. Shemeji hana mstari aliopewa kuutazama.

Tungependa pia kuona akina mama wakishika filimbi hii. Wengi wao wamecheza netiboli tangu shule ya msingi, na macho yao yamezoea miguu na mstari kuliko ya wanaume waliozoea kukimbiza mpira wa kandanda. Wanachotakiwa ni kubadili yale mawili tuliyosoma: mstari ni nje, na mrushaji akiukanyaga hajakosa. Mume akisema kazi ya refa si ya mama, aulizwe mpira unaogusa mgongo wa ubao uko ndani au nje.

MASWALI YA KUJIBU KIKUNDINI

Chora uwanja chini kwa kijiti, tumieni punje za mahindi kuwa wachezaji na jiwe dogo kuwa mpira.

1. Mchezaji wa Mpui amekanyaga ndani. Mpira uko hewani, nje ya mstari. Ananyoosha mkono, anaupiga unarudi ndani. Mwamuzi afanye nini?

2. Mrushaji wa Laela anarusha. Mpira unamgusa mwenzake begani ndani ya uwanja, kisha unatoka upande wa pili. Nani arushe, na kutoka wapi? Linganisha na kile kisa cha mpira ambao haukuguswa na mtu.

3. Zamu ya mshale ni ya Mpui. Mchezaji wa Laela na wa Mpui wameugusa mpira pamoja ukatoka. Baada ya Mpui kurusha, mshale uelekee wapi?

4. Mchezaji wa Laela anaupiga mpira, unamgonga mwamuzi aliyesimama ndani ya uwanja, kisha unatoka nje. Nani arushe?

Swali la nne hatukulifundisha, basi tunatoa jibu lake. Mwamuzi anahesabiwa kama ardhi aliyosimama juu yake. Alisimama ndani, kwa hiyo ni kama mpira ulidunda ndani tu na kuendelea. Wa mwisho kuugusa ni mchezaji wa Laela, na Mpui warushe, kutoka pale ulipotokea. Lakini kama mwamuzi huyo alikuwa amekanyaga mstari, mpira ulitoka pale pale ulipomgonga, na Mpui warushe kutoka hapo aliposimama.